Habari ya Barua Tuliyompelekea Mbunge

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi yangu ya pili, ambayo sikuiomba, ni kuwaandikia watu barua zao. Mjane akitaka kuuliza habari ya fedha za marehemu mumewe, huja kwangu jioni, pengine na kuku, pengine mikono mitupu, nami huandika. Siku hizi wengi wana simu. Lakini barua ya kupelekwa kwa wakubwa bado hutakiwa iwe na anwani na tarehe na sahihi chini yake, na wazee wetu hawaamini kwamba neno lililosemwa katika simu ni neno kweli. Katika barua zote nilizoziandika iko moja iliyonisumbua moyo kuliko nyingine zote, nayo ndiyo nitakayowaelezeni. Sitakitaja kijiji chetu, wala mto wetu, wala mbunge wetu, kwa kuwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mto nao hulisoma gazeti hili, na sisi na wao tumekwisha kutajana vya kutosha.

Kijiji chetu ki katika mabonde ya kaskazini ya Bonde la Ufa, nchini Kenya. Juu yetu, mlimani, ni baridi, na watu hulima viazi na mahindi. Huku chini ni joto. Twalima mtama na pojo, tuna miembe kando ya mifereji ya maji, na mali yetu hasa ni ng'ombe na mbuzi. Mtu asiyekaa kwetu akisikia kwamba mifugo imeibwa, hudhani ni kama kuibiwa baiskeli. Sivyo hata kidogo. Zizi likifagiliwa usiku mmoja, mtoto aliye sekondari hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, arusi iliyokuwa karibu huahirishwa, mtoto mchanga hukosa maziwa, na mzee aliyekuwa na sauti barazani huanza kukaa nyuma ya wenzake.

Wazee husimulia kwamba zamani vijana walikwenda na pinde na mikuki, wakachukua wanyama wachache, na kulikuwa na miiko yake. Mwanamke na mtoto hawakuguswa. Sijui kama zamani hizo zilikuwa njema kama zinavyosimuliwa, maana kila mzee hupaka rangi ujana wake. Lakini najua kwamba bunduki zimeyabadili mambo. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka nchini Uganda, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki nyingi zikatawanyika katika nchi za wafugaji. Mwezi wa Machi mwaka 2001, pale Murkutwa katika Bonde la Kerio, watu zaidi ya 50 waliuawa katika shambulio moja. Mwezi wa Novemba mwaka 2012, karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliokwenda kuwarudisha ng'ombe walioibwa waliuawa wao wenyewe. Hayo nayataja ili msomaji aliye mbali ajue ya kuwa sisemi habari za watoto wanaogombania mbuzi.

Mwaka 2019 serikali ilikusanya bunduki za askari wa akiba, ambao walikuwa vijana wa vijiji waliopewa silaha ili walinde watu wao. Sababu iliyotolewa ni kwamba baadhi yao walizitumia vibaya. Na katika hilo, kwa yale niliyoyaona mimi, hatukusingiziwa. Lakini bunduki za serikali zilipoondoka, zile za wezi zilibaki.

Basi, alfajiri moja ya mwezi wa Oktoba mwaka 2022 naliamshwa na kengele ya kanisa. Haikuwa saa ya ibada. Kwetu kengele hiyo ina milio miwili, na hata mtoto wa miaka minne ajua kuipambanua. Nikalala chini sakafuni pamoja na mke wangu na watoto, twasikia risasi upande wa malisho, kisha kelele za kuswaga ng'ombe zikienda mtoni, kisha kimya. Kulipopambazuka tukakuta mtu mmoja amekufa karibu na zizi lake. Mtoto mmoja wa darasa la sita, ambaye ni mwanafunzi wangu, alikuwa amelala katika mfereji mkavu, amepigwa risasi mguuni juu ya goti.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba salama na afya na njia ni jambo moja. Zahanati yetu ilikuwa imefungwa tangu mwezi wa Agosti, kwa sababu muuguzi, mama mwenye watoto wadogo, alikuwa ameogopa akaondoka, nami simlaumu. Gari halikuweza kufika, maana njia ilikuwa imechimbwa na mvua za miaka mitatu na hapana aliyeitengeneza. Fundi gani angekuja kufanya kazi mahali panapopigwa risasi? Tukakitwaa kitanda cha kamba, tukamweka mtoto juu yake, wanaume wanne wanne kwa zamu, tukapanda naye mlima kwa saa tano. Babaye alitembea kando akimshika mkono. Hakusema neno njia nzima, ila alikuwa akihesabu hatua kwa sauti ndogo, akifika mia anaanza tena.

Mtoto alipona. Mwezi wa Novemba alifanya mtihani wake wa mwisho wa darasa la sita akiwa hospitali, na mguu umefungwa. Lakini mguu ule haukunyoka tena.

Baada ya siku ile jamaa nyingi zikapanda mlimani na magodoro na masufuria. Katika daftari langu la mahudhurio mlikuwa na majina 186 kwa shule nzima. Jumatatu iliyofuata nilitia alama watoto 9. Walimu wenzangu wawili waliomba kuhamishwa. Mimi nilibaki, wala si kwa ushujaa. Mimi ni mwenyeji wa pale, na mtu hahamishwi kutoka kwao.

Juma la pili wazee wakakutana chini ya mkwaju, wakaniita nije na karatasi. Shauri lao lilikuwa kumwandikia mbunge, ili ayaseme mambo yetu Bungeni. Wakataja mambo manne: usalama, shule, zahanati na njia. Nikaandika, nikawasomea, wakakubali. Tulipofika kwenye hesabu ya ng'ombe, nikauliza ni wangapi waliochukuliwa. Wenyewe walikuwapo, wakataja mmoja mmoja, nikajumlisha: 64. Ndipo mtu mmoja akasema, "Mwalimu, andika 120. Serikali hukata nusu kila wakati. Ukiandika 64 watasoma 32." Watu wakacheka kidogo, wa kwanza kucheka tangu siku ile, nami nikafurahi kusikia kicheko. Nikaandika 120.

Kisha mzee mmoja, ambaye kazi yake ni kugawa zamu za maji ya mfereji, akasema, "Andika na ile ya mwezi wa nane."

Pakawa kimya. Kila mtu alijua maana yake. Mwezi wa Agosti mwaka ule, siku za uchaguzi, polisi wote walipokuwa wakilinda masanduku ya kura, vijana wetu walivuka mto usiku wakaja na mbuzi 41. Hapana aliyeuawa, lakini mbuzi walikuja, na nyama ililiwa, na wengine walitolewa mahari. Mwenyekiti akamtazama mzee yule akasema, "Hiyo si ya barua hii." Mzee akajibu, "Haya," akanyamaza. Wote wakanigeukia mimi mwenye kalamu. Nami sikuandika.

Naliwaza moyoni kwamba mimi ni karani tu, na karani huandika anachoambiwa. Lakini mzee yule naye alikuwa ameniambia. Nilichagua sauti ya kuisikia.

Labda baadhi yenu mwauliza faida ya mbunge kusimama akasema. Mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa wenye kuuliza hivyo. Nalisema kwamba maneno hayazuii risasi. Baadaye nikatafuta kujua, nami nawaambieni nilivyoelewa. Mbunge akitaka kuuliza jambo la usalama wa watu wake, husimama akaomba taarifa. Spika humwagiza mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayohusika na mambo hayo alete jibu, na mwenyekiti hulitafuta kwa waziri. Kwa hiyo waziri, ambaye mtu wa kijiji angemngojea mlangoni mwaka mzima, hulazimika kutoa neno. Pili, maneno yote huandikwa katika kitabu kiitwacho Hansadi, pamoja na majina ya mahali, na hapana mtu awezaye kukuambia kesho kwamba hukusema. Tatu, mbunge hawezi kushitakiwa kwa maneno anayoyasema mle ndani. Hivyo huweza kusema jambo ambalo chifu akilisema barazani angepoteza kazi.

Na jambo hili halikuja kwetu bure. Baraza la kutunga sheria la Kenya lilianza mwaka 1907 bila Mwafrika hata mmoja. Tangu mwaka 1924 mambo ya Waafrika yalisemwa na mmishenari aliyechaguliwa na gavana, wa kwanza akiwa Dakta John Arthur wa misheni ya Waskoti. Ni mwaka 1944 tu alipoingia Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, naye alikuwa mwalimu, jambo ambalo sisi walimu hatuchoki kulikumbusha. Na hata nchi ilipopata uhuru, Kiingereza peke yake ndicho kilichosemwa Bungeni mpaka mwaka 1974. Babu yangu aliweza kumpigia mtu kura, lakini hakuweza kufahamu mtu huyo alisema nini alipofika huko.

Sisi tulifahamu. Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2022, alasiri. Mwenye duka alitoa simu yake, akaiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ipate kuvuma, nasi tukaizunguka. Mbunge wetu alipewa dakika chache. Alisema kwa Kiswahili, "Mheshimiwa Spika," kisha akaanza, naye akayasema mambo yetu kwa utaratibu ule ule nilioupanga mimi: mtu aliyekufa, mtoto aliyebebwa kwa kitanda, shule yenye watoto 9, zahanati iliyofungwa, njia. Akasema ng'ombe 120. Akasema kwamba watu wa kijiji hiki ni watu wa amani, wakulima na wafugaji, ambao hawajamkosea mtu. Kisha akakitaja kijiji kwa jina lake.

Mama mmoja mzee, ambaye mwanawe ndiye aliyeuawa, alikuwa ameketi juu ya gunia. Aliposikia jina la kijiji akasema polepole, "Basi tupo." Hakulia. Akasema tena, "Basi wanajua kwamba tupo," akaondoka kwenda kuteka maji.

Nakiri kwamba nalijisikia fahari. Maneno yale yalikuwa yangu. Hata kosa moja la sarufi nililolifanya kwa haraka alilisoma vilevile. Usiku ule nikalala vizuri.

Mwezi wa Februari mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba majeshi yatapelekwa pamoja na polisi katika kaunti sita za kaskazini ya Bonde la Ufa: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Katiba ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kuwatuma wanajeshi ndani ya nchi ili kurudisha amani mpaka Bunge la Taifa likubali. Wabunge wakajadili jambo hilo, wakakubali. Sisemi kwamba barua yetu ndiyo iliyofanya hivyo. Vijiji vingi vilikuwa vimelia, na vingine vililia zaidi yetu. Lakini ndege zilipopita juu ya bonde, wako watu waliosema, "Ile ni barua ya mwalimu," nami sikuwakanusha kwa bidii ipasayo.

Amri ya kutotoka nje usiku ilituletea usingizi, na ilituletea shida tusiyoifikiri. Maji ya mfereji wetu hugawanywa kwa zamu, mchana na usiku, na wenye zamu za usiku hawakuweza kutoka. Mtama wa jamaa kadha wa kadha ulikauka huku maji yakipita. Mzee wa mfereji alikwenda kwa mkubwa wa askari kumweleza habari ya zamu. Yule alikuwa kijana kutoka upande mwingine wa nchi, ambako mvua hunyesha yenyewe, hakuelewa hata kidogo. Mwishowe zamu zikapangwa upya mpaka kila mtu akapata saa ya mchana, ingawa fupi. Lilikuwa shauri gumu, nami namheshimu mzee yule kwa kulimaliza bila ugomvi.

Jibu la waziri lilisomwa Bungeni mwezi wa Machi. Tukaizunguka tena sufuria ya mwenye duka. Mwenyekiti wa kamati alisoma kwamba askari wameongezwa, kwamba muuguzi atarudi akilindwa, na kwamba njia itatazamwa fedha zikipatikana. Mpaka hapo tukawa tunaitikia. Kisha akasoma kutoka katika kitabu cha kituo cha polisi: ya kwamba ng'ombe walioandikishwa kupotea mwezi wa Oktoba ni 64, wala si 120, na ya kwamba mwezi wa Agosti mbuzi 41 walichukuliwa ng'ambo, nyayo zao zikafuatwa mpaka kijiji hicho hicho kilichotajwa na mheshimiwa mbunge, na mpaka siku ile hawajarudishwa.

Mbunge akapewa nafasi ya kuuliza swali la nyongeza. Alinyamaza kidogo, tukadhani simu imekatika. Tukasikia mtu akicheka. Kisha akauliza juu ya njia.

Mwenye duka akaitoa simu katika sufuria, akaifuta kwa shati lake, akaingia ndani. Hapana aliyemtazama mwenzake.

Mbunge alikuja kwetu mwezi wa Aprili. Hakuja na hasira kama tulivyoogopa. Baada ya baraza akauliza, "Nani aliyeandika barua?" Nikasimama. Akanivuta kando, chini ya mkwaju ule ule, akasema, "Mwalimu, mimi silali hapa. Sikuwaona ng'ombe, sikuwaona mbuzi. Macho yangu ni karatasi yako. Nikisema neno moja lililozidi, wenzangu wana ruhusa ya kutosadiki yote, hata yule mtoto wa kitanda." Nikamwomba radhi. Akanishika bega akasema, "Si mimi wa kuombwa." Akaingia katika gari. Mpaka leo sijui alikuwa akimkusudia nani: mama mwenye gunia, au mtoto, au watu wa ng'ambo.

Katika likizo ya mwezi ule ule walimu tuliitwa mjini kwa mafunzo. Mezani nikaketi na mtu wa umri wangu, mpole, mwenye kalamu mbili katika mfuko wa shati. Tukaulizana habari za shule. Alipotaja shule yake, nikanyamaza. Nilipotaja yangu, akanyamaza naye. Alikuwa wa ng'ambo ya mto, mahali ambapo mtu akipaa na mabawa angefika kutoka kwetu kwa robo saa.

Akawa wa kwanza kusema. Alisema, "Na sisi tulimwandikia mbunge wetu mwezi ule ule, habari ya mbuzi. Naye alisema Bungeni."

Nikamwuliza nani aliyeiandika barua. Akasema, "Mimi."

Nikamwuliza, "Uliandika mbuzi wangapi?"

Akasema, "Tisini."

"Nao walikuwa 41."

"Walikuwa 41. Na nyinyi ng'ombe wangapi?"

"Tuliandika 120. Walikuwa 64."

Akapiga hesabu kwa kalamu juu ya karatasi ya mafunzo. "Wewe umenishinda kwa saba," akasema. Tukacheka mpaka walimu wa meza ya pili wakageuka. Kisha nikamwuliza kama barua yake ilitaja ng'ombe wa Oktoba, na mtu aliyekufa, na mtoto. Akaacha kucheka. Akasema wazee wake walimwambia hiyo si ya barua ile.

Hivyo katika kitabu kimoja cha Bunge, katika mwezi mmoja, viko vijiji viwili vinavyotazamana kuvuka mto, kila kimoja kisicho na kosa, na kila kimoja kimeandikwa na mwalimu wake. Naliona haya ambayo sijayaona hata siku ile ya sufuria. Maana siku ya sufuria nalidhani kwamba kosa langu ni la kijiji chetu.

Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mwenzangu na mimi tukashauriana siku zile za mafunzo kwamba tuandike ombi moja la pande zote mbili: safu ya kushoto waliyotutenda, safu ya kulia tuliyowatenda, na chini yake shule mbili, zahanati moja ya kutumiwa na wote, na njia yenye kivuko. Nikarudi nyumbani nikiwa na moyo mwepesi. Nalidhani kazi ngumu ilikuwa kulifikiri jambo lile.

Chini ya mkwaju tulikaa Jumamosi tatu. Habari ya hesabu haikuleta shida; kila mtu alikuwa amekwisha kuaibika. Shida ilikuwa mbuzi. Wazee wa ng'ambo walisema watatia sahihi mbuzi walio hai wakirudishwa, nao walikuwa 23. Kumi na wawili kati yao walikuwa wametolewa mahari, na binti mwenyewe alikuwa tayari ana mimba kwa mumewe. Yule kijana, mumewe, alisimama akitetemeka, akauliza kama ndoa yake sasa itapelekwa Bungeni. Watu hawakucheka. Mwishowe jamaa zake walichanga mbuzi wengine mahali pa wale, na wale wakavushwa mto asubuhi na mapema, chifu wetu akiwa mbele na chifu wa ng'ambo akiwangojea majini. Ng'ombe walirudi 17. Wengine wote walikuwa wamekwisha kuuzwa mbali.

Ikabaki kutia sahihi. Wazee wakaja mmoja mmoja. Mzee wa mfereji alitia kidole gumba chake akakitazama kwa muda mrefu, kana kwamba kidole kilikuwa cha mtu mwingine. Watatu walikataa. Mmoja wao ni baba wa mtoto yule. Alikuja mbele, akaitazama karatasi, ijapokuwa hajui kusoma, akaweka mkono juu ya safu ya kushoto, kisha juu ya safu ya kulia. Akaniuliza, "Mwalimu, mbuzi ni mbuzi, nao wamerudi. Mguu wa mwanangu umeuandika mkabala na nini?"

Nikatazama. Mkabala na habari ya mguu, safu ya kulia, palikuwa na habari ya mbuzi, kwa kuwa ndivyo mistari ilivyoangukia. Sikuwa na jibu, wala sasa sina. Akarudi kuketi mahali pake. Hakuwazuia wengine.

Ombi lilipelekwa mwezi wa Juni mwaka 2023 likiwa na sahihi za pande zote mbili, na nakala moja kwa kila mbunge. Tukapata barua ya kutuarifu kwamba limepokewa. Wabunge hao wawili, ambao kabla ya hapo hawakuwa wakiamkiana, walikuja siku moja kutazama mahali pa kivuko. Wakasimama kila mmoja upande wake, kwa kuwa mto ulikuwa umejaa, wakapungiana mikono. Kivuko hakijajengwa. Muuguzi yupo siku mbili kwa juma, naye huwahudumia watu wa pande zote mbili, nao hukaa katika benchi moja wakitazama chini. Mifugo imeibwa tena mara mbili tangu hapo, mara moja na wao, mara moja na watu wetu. Lakini mara zote mbili walimu tulipigiana simu kabla ya mapambazuko, tukaambiana hesabu, na hesabu ilikuwa ya kweli, na mara moja wanyama wakarudishwa kabla damu haijamwagika.

Shule yangu ilifunguliwa tena mwezi wa Mei mwaka 2023 ikiwa na watoto 97. Mtoto wa mguu alikuwa mmoja wao. Alitembea na fimbo, akakaa katika dawati la mbele ili apate kuunyosha mguu wake kwenye njia ya kupitia, na wenzake walizoea kuuruka bila kuutazama.

Mwishoni mwa mwaka 2025 alimaliza darasa la tisa, akapata nafasi katika shule ya bweni iliyo mbali. Jioni moja babaye akaja kwangu. Hakuwa amekuja tangu ile siku ya sahihi. Alitaka nimwandikie mbunge barua ya kuomba msaada wa karo. Nikaandika: jina la mtoto, alama zake, mguu, ng'ombe waliochukuliwa katika zizi lake, ambao walikuwa 7, na yule mmoja aliyerudi. Nilipomaliza nikamsomea. Akaniambia nisome tena, polepole. Nikasoma tena. Kila nilipofika penye hesabu alinyosha vidole, akavihesabu, akanitikisia kichwa niendelee.

Kisha akaomba wino, akatia kidole.